Bahasha Aliyoikataa Afande wa Kata

Usiku ule tulihesabu mara tatu. Sh 186,000, nyingi zikiwa noti za elfu moja na elfu mbili zilizonuka dagaa na jasho, pamoja na sarafu ambazo mama wa genge alizifunga kwenye pindo la kanga akatuletea bila hata kuzihesabu. Mweka hazina nilikuwa mimi. Si kwamba nilikuwa mwaminifu kuliko wengine, ila nauza mitumba pale soko la Memorial, Moshi, na watu wanaamini mtu wa mitumba hapigwi chenga na hela.

Tulikuwa saba sebuleni kwa mwenyekiti wa mtaa, na kilichotukalisha pale ni namna ya kumpa afande zile hela. Tumpe siku ya fainali ya bonanza, mbele ya watu, au aitwe pembeni? Fundi cherehani akasema hela ya shukrani haitolewi gizani. Mwingine akamjibu kwamba hela ya polisi haijawahi kutolewa mwangani. Watu wakacheka. Mimi kicheko kilinikwama kooni, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuitoa.

Ilikuwa 2017. Kijana wangu wa pili alikuwa ametoka kumaliza mtihani wa kidato cha nne. Wenye watoto mnaujua muda ule. Mtihani unaisha Novemba, matokeo yanatoka mwakani Januari, na hata aliyefaulu anasubiri hadi Julai ndipo aingie kidato cha tano. Ni miezi ambayo mtoto hana sare ya shule wala hana kazi, anakula kama mtu mzima na kulala kama mgonjwa. Wa kwangu aliangukia kijiwe cha relini. Siku hizo sisi tunaokaa chini ya reli, upande wa barabara ya TPC, tulikuwa tumeshazoea kuyaona mataruma kama viti. Treni ya abiria ilikuwa haijaonekana Moshi kwa zaidi ya miaka 20, ikaja kurudi Desemba 2019. Vijana wakikaa pale na kete za drafti, sigara, na mambo mengine ambayo mzazi unayajua kwa harufu ya shati.

Saa mbili usiku karandinga likaja, likazoa wote. Wa kwangu mfukoni alikuwa na kitana na mkeka wa kubeti, basi. Nikamfuata kituoni, kituo ambacho sitakitaja. Ukutani palikuwa na tangazo kubwa kwamba dhamana ni bure. Chini ya tangazo hilo hilo alikaa mtu aliyeniambia kwa upole kabisa kwamba gari halina mafuta, na kwamba mama kama mimi sitapenda mwanangu alale na watu wazima. Nikatoa elfu hamsini. Hakunishikia bunduki, wala hakutaja kiasi. Nilipima mwenyewe, kama ninavyompimia mteja suruali kwa macho.

Tukiwa njiani kurudi, mwanangu hakunishukuru wala hakuomba msamaha. Alitembea kimya hadi karibu na nyumbani, akasema, "Mama, kumbe bei yenyewe ni elfu hamsini tu."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka mingi. Mpaka usiku ule, sheria kwa mwanangu lilikuwa jambo la kutisha. Mimi ndiye niliyemwonyesha kuwa lina bei, na kwamba mama yake anaimudu.

Sasa huyu afande. Moshi ndiko polisi wa nchi hii wanakopikwa. Ukikaa jirani na CCP, chuo cha polisi, alfajiri unawasikia kuruta wakikimbia na kuimba, na timu ya Polisi Tanzania ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019 tulikuwa tunakwenda kuiangalia pale uwanja wa Ushirika kama timu ya nyumbani. Lakini kwetu mtaani, polisi ni yule anayeruka kutoka nyuma ya gari. Habari za polisi jamii tulishazisikia tangu 2006, enzi za IGP Said Mwema, na kuna mzee wa ulinzi shirikishi ambaye hadi leo akikukuta umemwaga maji machafu barabarani anakupigia kaulimbiu ya wakati ule: utii wa sheria bila shuruti! Ila kwetu ilikuwa habari ya mikutano na maturubai. Mpaka jeshi lilipoanza kupeleka wakaguzi kwenye kata, ndipo siku moja tukamwona mtu mwenye nyota begani anakuja kwa miguu, kaunta buku kwapani, viatu vimejaa vumbi letu.

Mkutano wake wa kwanza chini ya mwarobaini ulikuwa na watu kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa wanasubiri maji ya bomba yatoke. Hakuhutubia. Aliuliza, "Watoto wenu wanakosa la kufanya kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?" Niliona ni swali la kipuuzi. Nani anapima uvivu kwa saa? Lakini akina mama wakaanza kujibu, mmoja mmoja, na mwisho wa kikao kaunta buku likawa na jibu: saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, na mbaya kuliko yote ni Novemba mpaka Januari.

Wiki iliyofuata saa kumi kamili alikuwa uwanjani na mpira mmoja ulioshonwa mara mbili. Anayechelewa anachota ndoo tatu kumwagia vumbi. Wakimaliza kucheza anawakalisha robo saa, hazidishi. Siku moja alileta fomu ya PF3, akawaeleza kwamba mtu akipigwa au akipata ajali anaichukua polisi ili akienda kutibiwa tukio liwe limeandikwa. Kijana mmoja akauliza, "Afande, hii bei gani?" Si kwa utani, aliuliza kama anavyouliza bei ya vocha. Afande akamkabidhi kalamu. "Andika hapo juu: sifuri." Akaandika, wakapitishiana karatasi ile kila mtu aione.

Namba za dharura aliwafundisha kama namba za jezi. 112 polisi, 114 zimamoto, 116 ya watoto. Mpaka leo ukipita pale utasikia golikipa anaitwa Moja Moja Nne, kwa sababu anazima moto. Jioni nyingine alikuwa anakwenda kijiwe cha bodaboda kuwaeleza habari za leseni na kofia ngumu, na kijana wangu, ambaye wakati huo alikuwa ameshapata pikipiki ya mkataba, akawa anarudi nyumbani na mambo ya kunibishia.

Ningependa kusema tulimpokea vizuri. Hatukumpokea.

Mwezi wa tatu tangu aje, usiku mmoja palivamiwa nyumba tatu zinazopika gongo. Watu wanne wakachukuliwa. Asubuhi yake mtaa mzima ulikuwa na jibu: lile kaunta buku! Kumbe mpira ni chambo, anawakalisha watoto wamtajie ya nyumbani. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema. Nilisema gengeni, nilisema kisimani, na Memorial nilimsimulia mteja ambaye hata si wa kata yetu huku namkunjia blauzi. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyeona, na sikuwa nimeona kitu.

Saa kumi ikafika, uwanjani hakuna mtoto. Nguzo moja ya goli ilikuwa imeng'olewa, nadhani ilipikia maharage ya mtu. Afande akaja na mpira wake, akakaa juu ya jiwe, akasubiri hadi magharibi, akaondoka. Kesho yake vile vile, na keshokutwa. Siku ya tatu nilipita na furushi langu kichwani nikamwona anaurusha mpira juu na kuudaka, peke yake, mtu mzima mwenye sare. Nilimwona na nikapita upande wa pili wa barabara.

Wiki mbili baadaye ukweli ulitoka wenyewe. Aliyekwenda kutoa taarifa alikuwa mke wa mnywaji mmoja, aliyechoka kununua unga mara moja na kuuona ukigeuka chupa mara mbili. Alikwenda dawati la jinsia la polisi kwa miguu yake, na akalisema hilo mwenyewe kwenye kikao cha vikoba, huku anahesabu hisa zake, wala hakuinua kichwa. Watoto wakarudi uwanjani. Nguzo ikapatikana nyingine. Na sisi wakubwa tukarudi kumwamkia afande kama hakuna kilichotokea, kama ng'ombe wanavyorudi zizini baada ya kula shamba la jirani.

Kwa hiyo mwaka ulipokwisha na bonanza likafika fainali, na mwenyekiti akaja na wazo la kumshukuru, mtaa ulichanga kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona hata msibani. Nilifurahi. Haikunijia akilini kujiuliza kasi ile inatoka wapi.

Tulimpelekea wiki moja kabla ya fainali: mwenyekiti, fundi cherehani na mimi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja pale kwenye ofisi ya kata, na meza yenye mguu mmoja uliokalia tofali. Niliiweka bahasha mbele yake kwa mikono miwili. Hakuigusa.

"Mmehesabu?"

"Mara tatu, afande."

"Orodha ya waliochanga mnayo?"

Nilikuwa nayo, tena nilijivunia, maana niliiandika kwa mistari. Akaisoma polepole, kidole kinashuka. Kikasimama kwenye jina moja. "Huyu baba, mwanawe ana jalada kwangu la simu ya wizi. Jumatatu anakwenda mahakamani. Sasa mama, hii elfu tano yake niifanyie nini?" Hatukuwa na jibu. Kidole kikashuka tena hadi chini, kikasimama mahali peupe. "Na huyu jirani yenu wa nyumba ya kona simwoni. Akija kesho kuniambia kaibiwa, nitamtazama vipi?"

Fundi akajitutumua: hii si rushwa, afande, ni shukrani, hatukuombi kitu. Afande akatabasamu, akasema sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 haiulizi kama mtu alitabasamu wakati anatoa. Kisha, kwa mfuniko wa kalamu, akaisukuma bahasha mpaka ukingoni upande wangu. Ilisimama nusu mezani, nusu hewani, ikabidi niidake.

Nilikasirika. Njia nzima tulikuwa tunamsema: ana dharau, anajiona malaika. Lakini usiku sikulala, na sababu haikuwa dharau yake. Katika zile hela elfu kumi ilikuwa yangu, na nilianza kuiuliza maswali. Nilikuwa nimemshukuru, ndiyo. Lakini pia nina kijana wa pikipiki, na pikipiki za mkataba na makosa ya barabarani ni ndugu. Sehemu ya ile elfu kumi ilikuwa akiba. Nilikuwa nimeiweka benki, ila benki yenyewe inavaa sare. Na kama mimi nilikuwa hivyo, sidhani nilikuwa peke yangu kwenye orodha ile. Yule baba wa simu ya wizi hakuwa mwanamichezo kihivyo.

Kesho yake afande alimtuma kijana: kama mnataka kushukuru, andikeni barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, muweke niliyoyafanya na ambayo sikuyafanya. Tukaona ni kazi ya dakika kumi. Ilituchukua jioni mbili. Sentensi ya kwanza ya mwenyekiti ilisema afande "anashirikiana vizuri na wananchi." Fundi akauliza, "Hiyo si hata mbwa wa mtaani anashirikiana vizuri na wananchi? Amefanya nini?" Ikabidi tukumbuke. Mwezi gani alianza mazoezi, vijana wangapi walikuwa wanakuja, vikao vingapi kijiweni. Tukagundua kumsifu mtu kwa mambo yenyewe ni kazi ngumu kuliko kumsema, maana kumsema nilikuwa nimeweza huku nakunja blauzi.

Na tulipoanza kuandika kwa ukweli, barua ikaanza kujaa watu wengine. Uji wa watoto siku za Jumamosi alikuwa anaupika mama lishe wa stendi ndogo, kwa sukari yake. Mpira wa pili ulitoka kwa mwenyekiti wa bodaboda. Mwalimu mstaafu ndiye aliyekuwa anakaa na waliofeli hesabu. Ulinzi shirikishi walikuwa wanawasindikiza watoto wa ng'ambo ya korongo giza likiingia. Tukawaweka wote. Aya ya mwisho tukaandika lile ambalo hakulifanya: tulimwomba mara nyingi taa ya barabarani pale kwenye daraja, mpaka siku hiyo hapakuwa na taa. Mwenyekiti alitaka tuifute tusiharibu sifa. Tukaiacha. Watu 43 wakatia sahihi, wengine dole gumba, mtendaji akagonga mhuri.

Mzee wetu mmoja, mwenye miaka zaidi ya 80, aliisikiliza barua ikisomwa hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Nzuri. Lakini mmekosea mlango. Mnapeleka shukrani wakati mnadaiwa msamaha." Akataka sale.

Kwa asiye Mchaga: sale ni lile jani refu la kijani linalopandwa makaburini na kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la nyumbani. Ukimkosea mtu ukamwendea na jani la sale lililofungwa fundo, umekuja kuomba amani, na si desturi kukurudisha mikono mitupu. Halinunuliwi. Unalikata shambani. Hata ofisi ya kuzuia rushwa, TAKUKURU, ingelitazama tu.

Mzee akasema lipelekwe na aliyesema sana. Watu hawakutaja jina, waligeuza shingo tu, zote upande wangu.

Siku ya fainali uwanja ulijaa. Spika ilikuwa ya kukodi, inapiga mluzi kila ukiisogelea. Nilisimama na jani langu mbele ya vijana, mama lishe, bodaboda waliopaki pikipiki mstari mzima, na mwanangu katikati yao ameinamia simu kama hanijui. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema, "Afande, mwaka huu nilisema kwa watu kwamba wewe ni mpelelezi wa watoto. Sikuwa nimeona. Nilisema tu." Spika ikapiga mluzi, watu wakaziba masikio, ikabidi nirudie kwa sauti zaidi, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

Afande si mtu wa huku, ni wa kanda ya ziwa. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniinamia na kunong'ona, "Mama, hili nalifanyia nini sasa?" Nikamwambia, "Umeshalipokea. Basi." Akalikunja, akalitia mfuko wa shati, upande wa filimbi, ncha yake ikabaki nje mpaka mechi ikaisha kwa penalti.

Zile hela tuliwauliza wenyewe. Wawili walitaka zao wakarudishiwa, na elfu tano ya yule baba tulimrudishia hata bila kumuuliza. Zilizobaki zilinunua nyavu, mipira miwili na sanduku la huduma ya kwanza, risiti nikazibandika kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Zilikaa pale mpaka jua likazifanya nyeupe.

Miezi minane baadaye afande akahamishwa. Kwa polisi uhamisho ni jambo la kawaida, lakini hadi leo wapo wanaonilaumu mimi na barua yangu: mlimsifu sana, wakubwa wakamwona, wakamchukua. Sina ushahidi wala sina utetezi. Aliyekuja ni mwanamke, sauti ya chini, na vijana walimpima siku ya kwanza kwa kuchelewa wote kwa pamoja. Alikuwa ameshapanga ndoo uwanjani, zote walizokuwa nazo. Kaunta buku aliloachiwa ameliendeleza kuanzia ukurasa ulioishia. Taa ya darajani bado.

Mwanangu hadi leo yuko kwenye pikipiki. Juzi alinipigia mchana, sauti ile ninayoijua tangu 2017, ya mtoto anayetaka kuokolewa. Amekamatwa kapakia wawili. Nikamuuliza, wanataka nini? Akanung'unika, akasema wamemwandikia faini, elfu kumi, na yeye hana, hebu nimtumie.

Nikamwambia anitumie kwanza namba ya malipo ya serikali.

Akakata simu. Baada ya dakika mbili ujumbe ukaingia, tarakimu kumi na mbili, nikazihesabu mara tatu.